Mkasi, Gundi na Ubao wa Wote: Historia ya Mpaka Mdogo Ndani ya Kihariri

Kata, nakili, bandika. Sidhani kama kuna ofisi ya umma, chumba cha semina au dawati la wanaharakati ambako vitenzi hivi vitatu havitendeki kila saa ya kazi. Barua ya kuitisha kikao huzaliwa na barua ya mwaka jana. Namba ya kitambulisho hutoka kwenye ujumbe wa simu na kutua kwenye fomu. Jina la shahidi hutoka kwenye faili la siri na kuingia kwenye ripoti. Kila safari ya aina hii hupita mahali pamoja, napo ni ubao wa kunakili, yaani hifadhi ya muda inayosimamiwa na mfumo wa uendeshaji wa kompyuta kwa niaba ya programu zote. Hatuuoni ubao huo, na aghalabu hatukumbuki tulichouachia.

Wasomaji wa kurasa hizi wamezoea kunikuta nikijadili ardhi, bajeti na katiba. Leo nawaomba mnivumilie nichunguze eneo la umma lililo dogo kuliko yote niyajuayo. Hoja yangu ni kwamba ubao wa kunakili ni uwanja wa wote ulioanzishwa kwa nia njema, bila mlinzi, na kwamba kwa muda mrefu kila programu iliyoingia humo iliweza kusoma kilichoachwa na nyingine. Pembeni mwa uwanja huo kilibaki kizazi cha vihariri matini ambavyo, kwa kawaida yake, haviugusi mpaka mtumiaji atamke kwamba anataka. Wengi huuona utaratibu huo kuwa masalia ya ukale yanayofaa kuondolewa haraka. Mimi nauona kuwa mpaka, na naamini ni vyema tujue ulivyowekwa kabla ya kuubomoa.

Kabla ya kuwa amri za kompyuta, kukata na kubandika zilikuwa kazi za mikono. Mhariri katika nyumba ya uchapishaji alichukua muswada uliopigwa chapa, akakata aya kwa mkasi, akaipaka gundi na kuibandika pale alipotaka isomeke. Larry Tesler, mwanasayansi wa kompyuta ambaye jina lake limeambatana na amri hizi, aliijua kazi hiyo kwa vidole vyake mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alijitolea katika Midpeninsula Free University, chuo huria cha wanaharakati wa eneo la Palo Alto, California, akisaidia kupanga kurasa za orodha ya masomo kwa mkasi na gundi. Nalitaja hili makusudi, kwa ajili ya wale wanaoamini kuwa vifaa tunavyovitumia hubuniwa na watu wasio na siasa.

Mwaka 1973 Tesler alijiunga na kituo cha utafiti cha Xerox PARC. Huko yeye na Tim Mott walikabidhiwa kazi ya kutengeneza kihariri kwa ajili ya Ginn & Company, mchapishaji wa vitabu vya kiada wa Massachusetts aliyekuwa chini ya Xerox. Mbinu yao ilikuwa ya kianthropolojia kuliko ya kihandisi. Mott alikwenda kuwatazama wahariri wakifanya kazi. Tesler alimkalisha mwajiriwa mpya wa ofisi mbele ya skrini tupu, akamwomba aeleze angependa kusahihisha ukurasa kwa namna gani. Kihariri kilichotokana na hayo, Gypsy, kilichotumika kwenye kompyuta ya Alto katikati ya miaka ya 1970, kilichukua lugha ya mkasi na gundi kama kilivyoikuta mezani.

Adui mkubwa wa Tesler alikuwa modi. Kihariri chenye modi ni kile ambacho kitufe kimoja hubeba maana tofauti kutegemea hali uliyomo: katika modi ya kuandika, herufi d ni herufi d, katika modi ya amri, d ni agizo la kufuta. Ndani ya Xerox kulikuwa na kihariri kingine, Bravo, kilichobuniwa na Butler Lampson na Charles Simonyi, na kuna kisa chake ambacho wahandisi hawachoki kukisimulia. Mtumiaji aliyesahau kuwa yumo katika modi ya amri alipiga neno la Kiingereza *edit*. Herufi e iliteua hati nzima, d ikaifuta yote, i ikafungua modi ya kuandika, na t ikabaki peke yake kwenye ukurasa mweupe. Tesler aliyachukia mambo ya namna hii kiasi kwamba bamba la namba za gari lake liliandikwa maneno ya kuzikataa modi. Kwake, mfanyakazi wa ofisi hakupaswa kubeba kichwani hali ya mashine. Mashine ndiyo iliyopaswa kumsubiri mfanyakazi. Kwa watu aliowahudumia, nadhani alikuwa sahihi kabisa.

Mwaka 1980 Tesler alihamia Apple, na mawazo yale yakaingia katika kompyuta za Lisa ya 1983 na Macintosh ya 1984. Ubao wa kunakili sasa ulikuwa wa mfumo mzima: unakata kwenye programu moja, unabandika kwenye nyingine. Sheria yake ilikuwa fupi. Kitu kimoja tu kwa wakati, na kipya kikiingia cha zamani hutoweka bila kuaga. Jambo ambalo wanahistoria wa teknolojia hulipita haraka ni kwamba Macintosh ya mwanzo ilikuwa na amri kwenye menyu ya kuonyesha kilichomo ubaoni, na Windows nayo kwa miaka mingi ilikuja na programu ndogo ya kuutazama. Yaani ubao ulianza ukiwa na dirisha. Kutoonekana kwake kulikuja baadaye, pale watengenezaji walipoona kuwa hakuna anayechungulia.

Wakati hayo yakitendeka Palo Alto, ng'ambo ya pili ya ghuba ya San Francisco kulikuwa na historia nyingine iliyokwenda njia yake. Mwaka 1976 Bill Joy, mwanafunzi wa uzamili katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alianza kuandika kihariri kilichokuja kuitwa vi. Mazingira yake yalikuwa ya uhaba. Hakuwa na kipanya wala madirisha. Alikuwa na teminali ya ADM-3A na modemu ya nyumbani iliyopitisha biti 300 kwa sekunde, yaani herufi 30 hivi kila sekunde. Kwa kasi hiyo skrini ya mistari 24 yenye herufi 80 kila mmoja huchukua zaidi ya dakika moja kujaa. Katika hali hiyo modi hazikuwa ukatili. Zilikuwa ubanaji wa matumizi: kitufe kimoja kilifanya kazi ya sentensi.

Uhaba huo ulizaa utajiri wa aina yake. Mtumiaji wa vi alipewa rejista 26, kila moja ikiitwa kwa herufi yake, kuanzia a hadi z, na juu ya hizo rejista nyingine zenye namba 1 hadi 9 zilizotunza vilivyofutwa karibuni. Aliweza kuweka utangulizi wa barua katika a, anwani katika b, sahihi katika c, na kila kimoja kikabaki mahali pake mpaka atakapokiita. Ulinganishe na ubao wa Lisa unaosahau kila unapoandikiwa. Tofauti kubwa zaidi ni kwamba rejista hizo zilikuwa mali ya kihariri peke yake. Hakuna programu nyingine iliyoziona, kwa sababu nje ya kihariri hapakuwa na uwanja wa wote wa kuzipeleka.

(Hapa pana fujo ya lugha inayonifurahisha. Katika vi, neno la Kiingereza linalomaanisha kuchomoa kwa nguvu hutumika kwa kunakili. Katika Emacs, kihariri kilichoanzia MIT miaka ileile, neno hilohilo humaanisha kubandika. Sisi tumepona vita hivyo. Kitenzi chetu nakili kimetoka kwenye Kiarabu, ambako mzizi wake hubeba pia maana ya kuhamisha kitu kutoka mahali hadi mahali, jambo linaloeleza kazi ya ubao vizuri kuliko maneno ya Berkeley na MIT.)

Mpaka kati ya rejista na ubao ulikuja kuonekana waziwazi pale pande hizi mbili zilipokutana kwenye skrini moja. Aliyezikutanisha kwa ufanisi mkubwa ni Mholanzi Bram Moolenaar, ambaye mwaka 1991 alitoa hadharani kihariri chake Vim, kilichoanza kama kifuasi cha vi kwenye kompyuta ya Amiga. Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya ziada ya kulijua jina hili. Mwaka 1994 Moolenaar alifanya kazi ya kujitolea katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania, katika eneo la Rakai ambako UKIMWI ulikuwa umeacha yatima wengi. Alishughulikia maji na usafi wa mazingira. Baada ya hapo aliianzisha taasisi ya ICCF Holland na kuifanya Vim kuwa programu ya hisani: itumie na uinakili utakavyo, lakini ukiweza, wachangie watoto wa Kibaale. Hadi leo, ukiifungua Vim bila faili, skrini ya kwanza inaitaja Uganda. Mamilioni ya waandishi wa programu duniani wameliona jina la nchi hiyo mara nyingi kuliko walivyoliona katika habari, na wachache sana kati yetu huku tumelifahamu jambo hilo. Moolenaar alifariki Agosti 2023.

Turudi kwenye mpaka. Kompyuta za jamii ya Unix zilikuwa zimepata madirisha kupitia mfumo wa X, ulioanzia MIT mwaka 1984 na kufikia toleo lake la 11 mwaka 1987. Mfumo huo haukujenga ubao mmoja. Ulijenga teuzi kadhaa, na mbili ndizo zilizodumu: ya kwanza hujazwa papo hapo unapoteua maneno kwa kipanya, na hubandikwa kwa kitufe cha kati, ya pili ndiyo ubao wa kawaida, unaojazwa kwa amri ya kunakili. Kinachonivutia zaidi ni namna teuzi hizi zinavyofanya kazi. Hakuna ghala. Programu inaponakili, haikabidhi kitu popote. Inatangaza tu kwamba yenyewe ndiyo mmiliki wa uteuzi. Programu nyingine inapotaka kubandika, humwomba mmiliki, naye humpa moja kwa moja. Mmiliki akifungwa kabla ya kuombwa, na kama hapakuwa na msimamizi wa pembeni aliyejitwalia nakala, kitu kimetoweka. Wengi waliowahi kunakili kwenye Linux, wakafunga dirisha, kisha wakabandika pasitokee kitu, walikutana na mapatano haya bila kujua.

Vim iliyaheshimu mapatano hayo kwa kuongeza rejista mbili juu ya zile za vi. Rejista ya nyota ni uteuzi wa kipanya, na rejista ya alama ya kujumlisha ni ubao wa kawaida wa mfumo. Katika Windows na Mac, ambako hakuna teuzi mbili, zote huelekea mahali pamoja. Anayetaka kupeleka mstari nje ya kihariri hupiga alama ya nukuu pacha, kisha ya kujumlisha, kisha y mara mbili. Anayetaka kuingiza kilichoko nje hupiga nukuu, kujumlisha, kisha p. Kila kingine anachonakili au kufuta hubaki ndani. Kwa maneno mengine, kupeleka kitu uwanjani ni tendo lenye jina lake, na lina gharama ya vitufe viwili vya ziada.

Vitufe hivyo viwili ndivyo vinavyolalamikiwa. Mwanafunzi mmoja wa semina yangu ya mbinu za utafiti, kijana mwepesi kuliko mimi kwenye kibodi, aliniuliza kwa nini nisiandike kwenye mipangilio mstari mmoja tu, *set clipboard=unnamedplus*, ili rejista ya kawaida na ubao wa mfumo viwe kitu kimoja. Swali ni la haki, na mstari huo hufanya kazi vizuri. Lakini tuangalie unachokifanya hasa. Katika kihariri hiki kufuta nako ni kukata: ulichokifuta huingia kwenye rejista. Ukiziunganisha, kila neno unalolifuta linakwenda uwanjani. Unafuta jina la mtoa taarifa kwenye rasimu ili lisionekane na mtu, na kwa tendo hilohilo umelitundika kwenye ubao unaoonwa na programu zote. Nilimjibu kwamba mashine yake na faili zake ni vyake, na uamuzi ni wake. Kwenye mashine ninayohifadhia mahojiano ya utafiti sijauweka mstari huo.

Je, hofu hii ni ya kitaaluma tu, ya mtu mwenye muda mwingi? Kwa miaka mingi ningekubali kuulizwa hivyo. Kisha ukaja mwaka 2020. Mwezi Machi watafiti wawili wa usalama, Talal Haj Bakry na Tommy Mysk, walionyesha kuwa programu nyingi mashuhuri za iPhone zilikuwa zinasoma ubao wa kunakili kila zinapofunguliwa, bila mtumiaji kubandika chochote. Miezi michache baadaye Apple ilitoa toleo la majaribio la iOS 14 lililoonyesha tangazo dogo kila programu inaposoma ubao, na watumiaji wakashangaa kuliona likijitokeza mara kwa mara walipokuwa wakiandika ndani ya TikTok. Kampuni hiyo ilieleza kuwa ilikuwa hatua ya kuzuia machapisho taka, ikaiondoa. Android, katika toleo la 10 la mwaka 2019, ilikwisha kuzuia programu zilizo nyuma ya pazia zisisome ubao, ikiacha ile iliyo mbele ya mtumiaji na kibodi yake. Kwenye Linux, Wayland, mfumo unaochukua nafasi ya X, nao kwa kawaida humpa uteuzi mteja mwenye dirisha linalotumika wakati huo.

Tazama mfuatano wa miaka. Ubao wa mfumo mzima uliingia sokoni 1983. Tangazo la kuonyesha nani anausoma lilikuja 2020. Kati ya hapo tulikwisha kuupitishia nywila, namba za benki, misimbo ya kuthibitisha malipo ya simu, majina ya wagonjwa na rasimu za mashtaka. Na katika kipindi hichohicho ubao ulizidi kupanuliwa: tangu 2016 kompyuta ya Mac na simu ya mmiliki mmoja zinaweza kushirikiana ubao, na tangu 2018 Windows 10 inaweza kuweka historia ya yaliyonakiliwa na, mtumiaji akikubali, kuyasawazisha kupitia mtandao. Ule ubao wenye kusahau, ambao tuliuona kasoro, umefunzwa kukumbuka. Kwa mtumishi wa umma anayeshughulikia majalada ya watu, badiliko hilo ni kubwa kuliko programu yoyote mpya aliyowekewa ofisini, na sijaona waraka unaolizungumzia.

Hatari ina mwelekeo wa pili pia, wa kutoka nje kuingia ndani. Tovuti inaweza kubadilisha maneno unayonakili, ukadhani umechukua amri moja kumbe umechukua nyingine yenye nyongeza. Ukiibandika kwenye teminali, inaweza kutekelezwa kabla hujaisoma. Teminali nyingi za sasa hufunga kilichobandikwa kwa alama maalumu ili programu ijue kuwa hakikupigwa kwa vidole. Kabla ya hapo, watumiaji wa Vim walikuwa na tatizo lao la kuchekesha: matini iliyobandikwa ilidhaniwa kuwa imeandikwa kwa mkono, kihariri kikaongeza nafasi mwanzoni mwa kila mstari, na ukurasa ukashuka kama ngazi. Kuingiza kwa rejista ya kujumlisha hakuna tatizo hilo, kwa kuwa kihariri huenda chenyewe kumwomba mmiliki wa uteuzi na hujua kinachopokea.

Limebaki suala la seva, ambalo linawagusa wataalamu wa TEHAMA walioko serikalini. Unapoingia kwenye mashine ya mbali, kihariri kiko huko na ubao uko hapa mezani pako. Mara nyingi Vim ya kwenye seva imejengwa bila uwezo wa ubao kabisa. Ukipiga *vim --version* utaona alama ya kutoa mbele ya neno clipboard. Wengine hupachika daraja kwa kutumia msimbo uitwao OSC 52, ambao huiruhusu programu ya mbali kutuma maneno kupitia teminali hadi kwenye ubao wa mtumiaji, na Neovim, tawi la Vim lililoanza 2014, iliupokea rasmi katika toleo la 0.10 la Mei 2024. Msimbo huohuo unaweza pia kutumika kuuliza kilichomo ubaoni. Hapo waandishi wa teminali wamegawanyika: xterm haiuruhusu mpaka mwenyewe ubadilishe mipangilio, kitty humuuliza mtumiaji kabla ya kusomewa ubao wake, na zipo zinazokubali programu ya mbali iandike lakini haziipi kamwe ruhusa ya kusoma.